Mtu Ambaye Alindwa

Hapa Amu mtaani,
nyumba ya nyuma, Langoni,
kuna kasha la zamani
lilokuwa limefungwa.

Ni la babu, Lali Kombo,
fundi kofia za pambo,
asiyezidisha mambo,
akisema akiitwa.

Tumelifungua jana,
kwani Esha, wangu mwana,
na kitambulisho hana,
mara nne karudishwa.

Karani alimtuma:
“Katafute wale nyuma,
cheti cha babu wa mama,
tujue alipozawa.”

Nikafuta buibui.
Uvundo kama wa tui,
au udi, sitambui,
nguo ndani zilokunjwa.

Chini ya kanzu ya Idi,
kijitabu cha jalidi,
taji mbele na asadi,
dhahabuye imelambwa.

Mna picha, ndevu fupi,
macho yatazama wapi?
Kicheko yeye hatupi,
kama aliyekamatwa.

Chini, wino umevuja:
si raia, wala mja
wa Mfalme. Neno moja:
“Mtu Ambaye Alindwa.”

Nikamsomea Esha.
Kauliza: “Wakikesha
wakimlinda maisha,
dhidi ya nani alindwa?”

Sikuwa na la kujibu.
Pwani hii, kwa hesabu,
ya Sultani wa ghaibu,
Mzungu akakodishwa.

Nyumba ya yule mwenyewe,
mpangaji ni mwenziwe,
babu akalia jiwe
barazani, akilindwa.

Kuna muhuri: Adeni.
Kofia kumi kapuni,
siku tisa forodhani
kakaa akihojiwa.

Akaulizwa: “Raia?”
Kafikiri, katulia.
“Mimi,” akawaambia,
“ni amana ilowekwa.”

Sitini na tatu, mwaka,
bendera zikageuka,
Amu nayo ikavuka
pasi watu kuulizwa.

Babu alizawa Chula,
kisiwani, si mbali, la,
mamaye wa huko, wala
baba hapa hakuzawa.

Akapewa karatasi:
“Miaka miwili, basi,
jaza, ulipe upesi,
ndipo utahesabiwa.”

Fomu nimeona ndani,
kaijaza, jina, fani,
noti ya kumi, na pini,
kwa kutu zimegandishwa.

Kwa nini hakuituma?
Ugonjwa? Nauli? Homa?
Au neno alisoma
asilopenda kuitwa?

Fomu yasema: “Mwombaji.”
Naye hapa ndipo mji,
kisima chake cha maji,
na wanawe walozawa.

Basi kafa hana dola,
mlinzi kenda kulala,
na hawa wapya, suala
la babu halikuguswa.

Leo, asubuhi mbichi,
kitabu ndani ya pochi,
kwenda kuiomba nchi
ambamo babu kazikwa.

Karani kakigeuza.
“Hiki ni cha Mwingereza,
hakifai,” kaeleza,
“si raia, alilindwa.”

Karani naye si mbaya,
macho yake yana haya,
yuko bosi amgwaya,
naye pia aagizwa.

Esha hakujibizana.
Kachukua fomu, jina
la babu akaliona,
chini pasipoandikwa.

Kaniambia: “Mamangu,
kila neno juu yangu,
na babu, na mji wangu,
silabi ya mwisho ni ‘wa’:

kulindwa, kukodishiwa,
kuhojiwa, kurudishwa,
kuwekwa, kuhesabiwa.
Ngoja, sasa naandika.”

Kavuta ile kalamu
ya kamba, na kwenye fomu
ya babu, bila nidhamu,
neno “Mwombaji” kafuta.